Unga Kwenye Kucha

"Bibi yako anapikaka bugali kama zamani?" muuguzi aliuliza.

"Kama zamani," Mzee Asukulu alijibu upesi.

Hivyo ndivyo alivyojibu kila swali kuhusu mke wake, aliyekaa ubavuni pake akikunja na kukunjua pindo la kitenge. Anasahau sufuria motoni? Hapana. Anapotea njia ya soko? Hapana. Lakini mama mwenyewe, alipopimwa kumbukumbu, alishindwa kutaja siku ya leo. Samaki, jembe, kiti: maneno aliyoombwa ayashike yote yalikuwa yamemtoka.

Muuguzi aliacha kuandika. Alikuwa anatazama mikono ya mzee. Unga wa muhogo ulikuwa umeganda kwenye kucha, na kidole gumba kilikuwa na lengelenge jipya la moto.

"Papa," alisema polepole, "nani iko anapika kwenu?"

Nje, kwenye benchi, wanaume walikuwa wanacheka. Mzee alingoja kicheko kiishe. Nyumbani hufunga mlango wa jiko kabla ya kuwasha moto, majirani wasije wakamwona mwanamume akisonga bugali.

"Ni mi," alinong'ona. "Lakini anakulaka yote."

Mke wake aliachia kitenge. Alikishika kile kidole chenye lengelenge, akakipuliza taratibu, kama alivyowapulizia watoto wao wote. Kisha akainua macho, akamtazama usoni kwa huruma.

"Masikini, baba," alisema. "Hauna bibi?"