Aibu ya Tunu

Chuo hakimpokei mwenye aibu. Aibu hutolewa kichwani, lakini haifi. Lazima ndugu aibebe. Ya dada yangu Tunu nilipewa mimi nikiwa darasa la tano. Tangu hapo sikuweza kumjibu mwalimu, nikaacha shule. Mtu akipiga hodi, najificha jikoni.

Leo Tunu amerudi na shahada. Nilidhani ameifuata aibu yake.

"Hata salamu huna? Bubu wewe?" aliniuliza.

"Mwache mwenzio," mama alisema.

"Mama, naenda masomo ya juu. Safari hii wanatoa woga. Atabeba huyuhuyu, si kashazoea?"

Wakanitazama. Nilitaka kukataa, lakini aibu ya Tunu ikaniziba mdomo.

"Kanyamaza," Tunu akasema. "Amekubali."