Kuhamishwa kwa Zuleha

Asumani alikuwa amekaa juu ya kaburi la mwanawe na hataki kuondoka. Mafundi walisimama na nyundo mikononi, wakitazamana. Shehe alikwisha kumkumbusha kuwa kukalia kaburi ni makosa. Asumani akajibu kuwa anajua, na akaendelea kukaa.

Kaburi lenyewe lilikuwa chini ya dirisha lake, hapo Buzebazeba, Kigoma. Ilikuwa miaka kumi tangu amwage zege kwa mikono yake mwenyewe, nondo ndani yake, unene wa kubeba lori. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Zuleha alizaliwa na ualbino, na kipindi kile kulikuwa na watu wakitafuta viungo vya watoto kama yeye kwa ajili ya waganga. Hata mifupa ilifukuliwa. Mzazi aliyefiwa na mtoto wa namna hiyo alizika kwa saruji.

"Baba Zuleha," alisema Yusra, akichuchumaa mbele yake. "Hatumnyang'anyi mtu mtoto. Tunampeleka mahali pa heshima."

Yusra alikuwa katibu wa kamati iliyokuwa ikipanga makumbusho ya haki za binadamu pale Ujiji. Kiwanja kilishapatikana na ramani imechorwa. Kungekuwa na chumba cha watumwa waliopitishwa mjini, na chumba cha wakimbizi waliovuka ziwa. Nyuma, bustani ya makaburi ya watoto wenye ualbino, yenye ukuta na mlinzi. Zuleha ndiye angekuwa wa kwanza kulazwa humo. Binti huyu alikuwa na moyo safi, hilo tusimnyime. Lakini mwenye moyo safi akishapata kibali cha mahakama, hakuna wa kumzuia.

"Mwacheni alipo," Asumani alisema. "Waliomtaka bado wapo."

Hakusema uongo. Pastory, aliyewahi kushikwa kwa kifo cha mtoto wa jirani akaachiwa kwa kukosa ushahidi, siku hizi anauza nyavu Bangwe, na akikutana na Asumani husalimiana. Hata asubuhi ile alikuwa amekuja, amesimama uani na wenzake, mikono nyuma.

"Ndiyo maana tunamhamisha," Yusra alisema.

Aliyemaliza ubishi ni Abdulkarimu, kaka mkubwa, mwenye neno la ukoo. Alimshika mdogo wake kwapani akamwinua.

"Umemlinda, inatosha," alimwambia. "Hukuoa tena, mjini huonekani. Umekuwa mlinzi wa makaburi. Waachie na wenzako."

Kweli Asumani hakuwa na safari ila moja, ya Kalinzi kwa mama mkwe wake. Mkewe alifariki Zuleha akiwa bado ananyonya, lakini Asumani hakumtupa mkwewe. Kila alipopanda mlimani alibeba kofia pana au shati la mikono mirefu, kwa kuwa bibi yule, na uzee wake wote, bado alilima kahawa juani. Wenye mabinti walimtolea mfano.

Bibi huyohuyo ndiye aliyemwosha Zuleha. Alisema homa ilimchukua mtoto alfajiri. Wanawake walipotaka kuingia kumsaidia, aliwarudisha mlangoni: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wanaume walipokea jeneza limeshafunikwa, na Asumani mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza mwanawe.

Nyundo zikaanza. Zege liligoma mpaka adhuhuri, ikabidi mtaimbo uazimwe kwa wavunja kokoto. Lilipopasuka, mafundi walichimba kwa majembe, halafu kwa mikono, shehe akisoma. Asumani aligeukia ukuta. Watu walimwonea huruma, wakajua ni msiba unaorudi upya.

Vilipatikana vipande vya sanda. Chini ya sanda, udongo. Wakachimba zaidi, udongo.

"Wamemwiba," alisema Yusra, na machozi yakamtoka. "Hata huku walimfikia."

Abdulkarimu alikaa vumbini kama mtoto. Ua mzima ukaanza kusema kwa pamoja, huyu analaani, yule anamwomba Mungu msamaha. Yusra alikwisha kutoa simu yake. Alikuwa anampigia mtangazaji wa redio. Asumani alimshika mkono.

"Mwanangu, usitangaze. Nakuomba. Lifukieni shimo, yaishe."

"Hapana, Baba Zuleha. Wakikaa kimya wazazi, hawa watu hawataacha. Lazima Kigoma nzima ijue kuwa kaburi hili ni tupu."

Asumani aliuachia mkono wake. Alitaka kusema neno, akaliona lile neno lilivyo na hatari, akalimeza.

Pastory alikuwa amesogea hadi ukingoni. Aliokota kipande cha zege, akakigeuza, akatazama shimo tena bila haraka. Katika ua ule, yeye peke yake hakuwa amekasirika.

"Pole, Asumani," alisema. "Lakini zege lilikuwa zima."

Hakungoja jibu. Alikung'uta vumbi viganjani.

"Na mkwe wako wa Kalinzi, hajambo?"

Akatoka kuelekea barabarani, na alipofika aliinua mkono kusimamisha bodaboda.

Asumani aliingia ndani, akafunga mlango, akapiga simu. Desturi yake ni kumwamkia mkwewe kwanza, amuulize afya, shamba na majirani, ndipo aseme lake. Leo hakumwamkia.

"Mama," alisema, "mtoe Zuleha shambani. Pitieni porini, msishuke barabarani."