Silabi Sita

Mtaalamu wa matamshi alipiga makofi sita, kofi moja kwa kila silabi ya neno la Kipolandi. "Pięć-dzie-się-cio-let-ni. Wa miaka hamsini. Haya mwalimu, zamu yako."

Wiesława akakwama kwenye ya pili. Tangu apooze upande mmoja, ulimi wake umekuwa kama kipande cha nyama ya mtu mwingine. Na neno hilohilo ndilo alilowafundisha watoto wa darasa la tatu kwa miaka thelathini, jinsi hamsini inavyoungana na mwaka. Mtoto aliyekwama alisimamishwa, uso umeelekea jiko la vigae la kupashia darasa joto, mpaka kengele ilie.

"Pole pole," yule mama mtaalamu akasema. "Ulimi si punda, hauchapwi." Kisha akashusha sauti. "Hunikumbuki, eeh? Mimi nilisimama pale mpaka nikajikojolea. Nawe ukawaambia wenzangu wacheke."

Wiesława akakumbuka soksi nyeupe zilizolowa, na kicheko chake mwenyewe.

Neno la kuomba msamaha lilikuwa zima kichwani mwake, fupi tu. Akafungua mdomo. Yakatoka mate.

Yule mama akampangusa kidevu, taratibu sana, mpaka kikakauka. Halafu akaandika kwenye faili: leo mgonjwa hakusema kitu.