Msiba wa Casimir

Casimir Barthélemy alikuwa ndani ya debe la unga, amekunjwa mara nne. Kadi ya ubatizo ilale wapi tena mwaka ule wa 1973, serikali ikiwa imepiga marufuku majina ya Kizungu? Mwenye kadi, fundi wa kuchomelea vyuma pale Shituru, sasa aliitwa Kasongo, basi. Ukimwita Casimir njiani hageuki, hata uwe mama yake mzazi.

Alikuwa na sababu. Wiki iliyopita mwenzake Damas aliitikia jina lake la zamani mbele ya vijana wa chama. Alirudi kazini baada ya siku tatu, na mpaka leo anakula amesimama.

Jumamosi hiyo Kasongo na mkewe Mathilde walikuwa uani wakifunga vyombo. Mwenye nyumba, Mzee Nasoro, alitaka chumba chake kabla ya mwisho wa mwezi. Binti yake anaolewa. Chumba kimoja, watoto watano, bati linalovuja: na hicho nacho kinawatoka. Miaka minne Kasongo alikuwa akienda kuulizia nyumba za serikali, zile za watu wa mshahara mdogo, na miaka minne karani alimjibu neno moja tu: "Ngojea."

"Sasa tutalala wapi?" Mathilde aliuliza.

"Mu debe, pamoja na Casimir," alijibu, akacheka peke yake.

Kicheko hakijaisha, gari jeusi likasimama mlangoni. Akashuka bwana mwenye suti ya abakosti iliyonyooshwa kwa pasi, beji ya chama kifuani, karatasi mkono huu, bahasha nene mkono ule. Bahasha ikagonga mlango. Chuma kikalia ndani yake.

Pingu, Kasongo aliwaza.

Bwana aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akasoma kwa sauti ya chini: "Casimir Barthélemy iko wapi?"

Wapangaji, wote wanaomjua, wakaanza kuchunguza vidole vya miguu yao.

"Casimir?" Sauti ya Kasongo ilitoka nyembamba kama uzi. "Ule alikufaka, citoyen."

"Lini?"

"Mwaka jana, mu mvua. Tulimuzikaka."

"Na weye?"

"Minye Kasongo. Ndugu yake."

Bwana akamgeukia Mathilde. "Ni kweli, mama?"

Mathilde alimtazama mumewe, akaona jasho linavyomtiririka. Akajitwika mikono kichwani. "Yoo, bwana yangu! Umeniachia batoto batano!" Akajitupa vumbini. Mama Tausi wa chumba cha pili akamdaka, akalia zaidi yake. Mlango wa tatu ukajibu, na wa nne. Hata Mzee Nasoro, ambaye hakuwahi kumhurumia mpangaji aliye hai, alinyoosha mikono akamwombea marehemu.

Kalamu ilikwaruza karatasini. Jina likapigwa mstari. Kasongo akapumua, mara ya kwanza tangu gari lisimame.

"Njoo," bwana alimshika mkono, akamvuta hadi garini, mbali na kilio. "Pole sana, ndugu. Hii liste iliandikwa mu 1969, majina yote ni ya zamani. Minye mwenyewe naogopa kuisoma." Akainamisha bahasha, funguo mbili zikamwangukia yeye mwenyewe kiganjani. "Nyumba yake ya serikali imeisha kujengwa, kule Panda. Chambre tatu za kulala, robinet ya maji ndani. Sasa tutafanya je? Sheria inasema mwenye kuomba awe muzima. Mujane hana haki. Itaenda kwa mwenye kumufuata."

Kasongo akafungua mdomo. Beji ikamwangalia. Akaufunga.

Gari likaondoka na funguo zake. Kasongo akaketi katikati ya barabara, akaangua kilio ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake.

Uani, wanawake wakatazamana. Kumbe huyu muntu anajua mchezo! Wakapandisha sauti ili kumsaidia.