Jitu la Darajani

Lengelenge la kidole gumba changu lilipasuka nikiwa nimebakiza roho moja tu kwenye mchezo wa video. Jitu lilisimama darajani na shoka lake. Tangu Januari 1998, miezi mitatu mizima, hakuna mtu Gatitu aliyekuwa amelipita, hata mimi mwenye kibanda na televisheni. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hivyo tulijua jambo moja: kupiga.

Mukami, jirani yangu mfugaji, alikuwa ameniletea maziwa ya chai ya saa nne. Kidole kikiniuma, nikampa rimoti ya mchezo.

"Shika. Hiki kitufe cha duara ni upanga. Bonyeza haraka, usipumzike!"

Aliketi, mikono bado inanukia mafuta ya kukamulia. Jitu likaja. Shoka likapanda juu.

Mukami akaondoa vidole vyote kwenye vitufe. Shujaa wetu akasimama tu, upanga chini.

"Wewe! Piga!"

"Ati nipige? Ng'ombe ikikasirika hauipigi," akasema bila kugeuka. "Unasimama, ikunuse, ikuzoee."

Shoka lilikaa hewani. Nikamtukana kimoyomoyo, yeye na ng'ombe wake.

Kisha jitu likashusha shoka, likapiga goti, likasogea kando. Lango likafunguka. Ng'ambo kulikuwa na mlima mweupe ambao sikuwahi kuuona.

"Sasa naenda wapi?" Mukami akauliza.

Kidole changu kilikuwa bado kinabonyeza hewa.