Dungu Ndani ya Kerneli

Hafsa aliganda mlangoni na birika la chai mkononi. Msimbo wa programu uliomulikwa na projekta ukutani ulikuwa wake.

Mwalimu wake wa kompyuta, aliyempokea hapa Kibiti alipotoka Mbwera, alikuwa akiwaeleza kwa njia ya mtandao wataalamu wa kerneli, kiini cha mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta. "Zamani kerneli ilitenga nafasi ya kumbukumbu kwa kadi ya kuonyesha picha na kuiwasha kadi kwa mkupuo mmoja. Kuwasha kukikwama, kompyuta nzima inaganda. Mimi nimetenganisha. Kwanza natenga, kisha nawasha."

Mimi! Na juzi tu alimwambia, "Pole mwanangu, wataalamu wameikataa kazi yako." Hafsa akalia, naye akampa kitambaa chake ajifute machozi.

Jina la Hafsa lilikuwa limefutwa. Lakini ile sehemu ya kutenga nafasi bado iliitwa dungu, kama alivyoiita mwenyewe akikumbuka shamba la mpunga la mama yake, ambako dungu, kibanda cha juu ya nguzo, hujengwa kwanza, na kikishakuwa imara ndipo mtu hupanda kuamia ndege wasile mpunga.

"Swali dogo, Mwalimu," sauti kutoka Nairobi ikauliza. "Kwa nini umeiita dungu?"

Mwalimu, mtu wa bara, akakohoa. Akafunika maikrofoni kwa kiganja, akageuka, akamwona, akatabasamu.

"Hafsa, mwanangu, hebu nambie upesi. Dungu ndiyo nini?"

Hafsa akaweka birika chini, akaushika ule mkono, akautoa juu ya maikrofoni.