Dirisha la Abbasi

Dirisha moja lilikataa kufungwa.

Fortunata alilifunga mara ya tatu, likarudi na jina lile lile: Abbasi. Akaanza kulichukia kama anavyochukiwa mtu.

Programu ilikuwa ya chumba cha barafu cha Mzee Chandu, muuza samaki wa jumla hapa Kariakoo. Kitasa cha ndani kilivunjika tangu Januari, na badala ya kumwita fundi wa milango, mzee aliita fundi wa kompyuta. Mpakuzi wa samaki akiingia anavua kandambili mlangoni, anavaa mabuti, anagusisha kadi, na dirisha lenye jina lake linafunguka ofisini. Akitoka anagusisha tena, linafungwa. Skrini ikiwa tupu, mzee anapiga kufuli.

Ila fremwaki, yaani programu ya msingi inayochora madirisha hayo, haikuwa ikiyaachia. Majina ya waliokwisha kutoka yaling'ang'ania pale pale, kumbukumbu ya kompyuta ikajaa, na kila jioni mashine ikaganda. Mzee Chandu alikuwa amechoka. Leo Jumamosi isipopona, Jumatatu angetafuta fundi mwingine, na Fortunata alishaacha ajira yake kwa ajili ya kazi hii. Aliogopa kweli.

Saa kumi alipata kosa lenyewe, akalirekebisha. Madirisha arobaini yakapotea kwa mpigo. Likabaki hilo moja.

Akachungulia ngazini na kumuuliza mlinzi, Mzee Elimringi, kama Abbasi bado yupo.

“Huyo ameshaaga tangu saa nane,” alijibu mlinzi. “Ana harusi Kigamboni.”

Basi ni mabaki ya ugonjwa ule ule. Fortunata akaandika mstari mmoja wa kuling'oa kwa nguvu. Skrini ikawa tupu, na mashine ikakimbia kama mpya.

Mzee Chandu aliitazama, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alishuka, akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni na kuwahi pantoni Magogoni. Akishavuka, hapokei simu ya mtu mpaka Jumatatu.

Fortunata alikusanya vitu vyake taratibu, roho nyeupe. Chini alimkuta Mzee Elimringi akifagia mbele ya chumba cha barafu.

“Huyu Abbasi naye,” alisema mlinzi, akisogeza kitu kwa ufagio. “Kaenda harusini na mabuti. Kandambili zake hizi hapa.”